Lugha ya Pili au Lugha ya Kigeni? Uhakiki wa Istilahi za Ufundishaji wa Kiingereza Wakati wa UVIKO-19

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzichunguza istilahi chache zilizotumika katika Kiswahili kuelezea namna Kiingereza kilivyofundishwa kwa wasemaji wa lugha nyingine wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani liliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Tanzania ilifunga shule za awali, za msingi na za sekondari tarehe 17 Machi; Kidato cha VI na vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni, na shule zilizobaki tarehe 29 Juni. Kenya nayo ilifunga shule katikati ya Machi, ikafungua kwa madarasa machache tarehe 12 Oktoba 2020, na kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Uganda ilifunga tarehe 20 Machi 2020, na ijapokuwa baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, shule zote hazikufunguliwa hadi tarehe 10 Januari 2022.

Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu istilahi za afya zilizozaliwa katika kipindi hicho. Istilahi za ufundishaji hazikupata bahati hiyo. Zilitumika katika nyaraka, katika matangazo na katika mikutano ya wazazi, kisha shule zilipofunguliwa zikaachwa kama zilivyo, bila kupimwa. Sisi twaona kwamba yafaa zipimwe sasa, kwa sababu istilahi iliyotumika katika msiba mmoja ndiyo itakayochukuliwa kwa haraka katika msiba utakaofuata.

Vipimo vyetu ni vitatu, na si vigeni kwa wasomaji wa jarida hili. Kwanza, istilahi itaje dhana yake kwa usahihi. Pili, ibague dhana hiyo na dhana jirani. Tatu, iwe na uwezo wa kukubalika kwa msemaji wa kawaida, maana neno lisilosemwa na mtu si istilahi bali ni pambo la kamusi.

2. Somo tunalolipata katika istilahi za afya

Kabla ya kuhakiki istilahi za ufundishaji, yafaa kuziangalia kwa ufupi zile za afya, maana nyingi kati yake zilifaulu, na kufaulu kwake kuna sababu.

Neno barakoa halikuundwa mwaka 2020. Ni neno la zamani la pwani, lenye asili ya Kiarabu, lililotaja kifuniko cha uso walichovaa wanawake. Wasemaji walilipanua maana tu, likafaa. Neno karantini lilitoholewa zamani vilevile. Asili yake ni Kiitaliano, na katika asili hiyo lilitaja zile siku 40 ambazo merikebu zilizuiliwa zisifunge gati. UVIKO-19 ni kifupisho cha maneno ya Kiswahili chenyewe, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona, na tarakimu zake zinautaja mwaka 2019. Kwa hiyo katika maneno haya matatu tunaziona njia tatu kongwe za kuunda istilahi: kupanua maana, kutohoa na kufupisha. Kila moja ilitumika mahali pake, na kila moja ilikuwa na kitu mkononi ambacho msemaji angeweza kukionyesha kwa kidole.

Lakini hata katika afya kulikuwa na kosa moja ambalo linatuhusu. Wengi walisema "umbali wa kijamii", wakilifuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwezi uleule wa Machi 2020, lilipendelea kusema umbali wa kimwili, kwa kuwa kilichotakiwa si watu waachane kijamii bali miili yao iachiane nafasi. Kiswahili kilikuwa na usemi wake tayari: kuachiana nafasi. Aliyesema "tuachiane nafasi" alieleweka sokoni, msikitini na kituo cha basi. Aliyesema "tudumishe umbali wa kijamii" alieleweka kwa wale waliokwisha kulisikia neno hilo kwa Kiingereza.

Kosa hilo ni dogo katika afya, lakini ni kubwa katika ufundishaji wa lugha. Lugha haipatikani ila kwa jamii. Mwalimu wa hesabu aweza kumpa mwanafunzi maswali 20 na kumwacha peke yake. Mwalimu wa lugha akimwacha mwanafunzi peke yake amemnyima kile hasa anachokifundisha. Kwa hiyo kumwambia mwalimu wa lugha adumishe "umbali wa kijamii" ni kumwambia aache kazi.

3. "Masomo ya mtandaoni": neno moja, dhana nne

Istilahi iliyoenea kuliko zote katika kipindi hicho ilikuwa "masomo ya mtandaoni". Twasema wazi kwamba istilahi hii, kama ilivyotumika, haikukidhi kipimo cha pili. Ilibebeshwa dhana nne zilizo mbalimbali.

Dhana ya kwanza ni elimu ya masafa. Hii si kitu kipya kwetu. Elimu kwa njia ya posta ilikuwapo Tanzania tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Katika elimu ya masafa, mwanafunzi na mwalimu hutengana kwa mpango: vitabu huandikwa kwa kujua kwamba msomaji yu peke yake, na kila somo huwa na mazoezi yenye majibu.

Dhana ya pili ni elimu ya mtandaoni yenyewe, ambayo huandaliwa kwa miezi mingi kabla mwanafunzi wa kwanza hajaandikishwa.

Dhana ya tatu ni ile waliyoieleza Charles Hodges na wenzake nchini Marekani tarehe 27 Machi 2020, siku chache tu baada ya vyuo vya huko kufungwa. Walionya kwamba kilichokuwa kikifanyika si elimu ya mtandaoni bali ni ufundishaji wa dharura kwa mbali: mwalimu wa darasani amelazimika ghafula kuhamisha somo lake, na akipata nafasi atalirudisha darasani. Walihofu kwamba watu wataipima elimu ya mtandaoni kwa matokeo ya dharura, kisha wailaumu isivyo haki.

Dhana ya nne ni matangazo ya redio na televisheni, ambayo kwa watoto walio wengi wa Afrika Mashariki ndiyo yaliyokuwa njia pekee. Tanzania ilitangaza masomo kwa redio na televisheni, Kenya vilevile. Hapakuwa na mtandao wowote hapo, lakini katika mazungumzo ya watu hata haya yaliingizwa katika "masomo ya mtandaoni".

Msomaji ataweza kuuliza: kuna hasara gani? Hasara ipo, na katika kufundisha Kiingereza inaonekana waziwazi. Matangazo ya redio yenyewe yana namna mbili. Namna ya kwanza ni redio inayosema na mtoto anayesikiliza. Namna ya pili ni redio inayouliza, inayonyamaza kidogo ili mtoto ajibu kwa sauti, kisha inayolitaja jibu lililo sahihi ili mtoto alilinganishe na lake. Namna hii ya pili ilijaribiwa Kenya kati ya mwaka 1980 na 1985, katika mradi wa kuwafundisha Kiingereza kwa redio watoto wa madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi, kwa somo la nusu saa kila siku ya shule; na watoto waliofundishwa hivyo walionyesha maendeleo, hasa katika kusikiliza na kusoma. Zanzibar nayo, katika miaka ya 2000, ilikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze vilivyowashirikisha watoto wadogo kwa nyimbo na michezo.

Kumbe mwaka 2020 eneo letu lilikuwa na ujuzi wa miaka 40 wa kufundisha lugha kwa redio. Lakini ujuzi usio na jina ni vigumu kuuita unapouhitaji. Katika Kiswahili namna zote mbili ziliitwa "masomo ya redio", basi. Mtayarishaji aliyeagizwa atoe "somo la redio" hakuwa na neno la kumkumbusha kwamba kuna redio ya kusikiliza na redio ya kujibizana, na kwamba kwa lugha ya kigeni ile ya kwanza haitoshi. Sisi tunapendekeza redio ya majibizano iwe istilahi ya namna ya pili. Neno majibizano lina uzito wa nyumbani. Hata bibi asiyejua kusoma anajua kwamba majibizano hayafanywi na mtu mmoja.

4. Kiini cha tatizo: lugha ya pili na lugha ya kigeni

Sasa tunafika kwenye istilahi mbili ambazo, kwa maoni yetu, janga lile lilizipima kuliko mkutano wowote wa wataalamu.

Katika taaluma ya ufundishaji, lugha ya pili ni ile ambayo mwanafunzi, ijapokuwa hakuzaliwa nayo, anaikuta katika maisha yake nje ya darasa: dukani, kazini, ofisini, kwa majirani. Lugha ya kigeni ni ile ambayo anaikuta darasani tu. Tofauti hii si ya heshima bali ni ya mazingira. Na vitabu hutungwa kwa kuifuata: mwandishi anayedhani kwamba msomaji wake anaisikia lugha nje hapotezi kurasa kwa kumsikilizisha, humwachia dunia kazi hiyo.

Kwa muda mrefu nyaraka zetu zimekiita Kiingereza lugha ya pili. Zilikuwa na sababu. Braj Kachru, katika mgawo wake maarufu wa mwaka 1985, aliiweka Tanzania pamoja na Kenya katika mduara wa nje, yaani zile nchi ambamo Kiingereza kililetwa na ukoloni kikabaki katika taasisi. Ni kweli kwamba kilibaki katika taasisi: katika mahakama za juu, katika sekondari, katika vyuo. Lakini taasisi si mazingira ya mtoto.

Wapo waliokwisha kuona ufa huu mapema. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi wa sekondari hawakukimudu kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri kiendelee kutumika, na mradi wa kukisaidia ukaanza mwaka 1987. Ugonjwa ulitajwa, lakini jina la mgonjwa halikubadilishwa: nyaraka ziliendelea kusema lugha ya pili.

Ndipo shule zikafungwa. Kuanzia tarehe 17 Machi hadi tarehe 29 Juni 2020 ni siku 104. Tuwaangalie watoto watatu wa siku hizo.

Wa kwanza ni mtoto wa Darasa la V katika shule ya Serikali kijijini. Alianza kufundishwa Kiingereza kama somo katika Darasa la III. Shule ilipofungwa, Kiswahili hakikufungwa: alikisikia kisimani, gulioni, redioni, kanisani au msikitini. Sayansi aliyofundishwa kwa Kiswahili aliweza kuulizwa na kaka yake jioni. Lakini Kiingereza kilikuwa na mlango mmoja tu nyumbani mwake, nao ulikuwa mlango wa darasa. Ulipofungwa, lugha hiyo ilitoka katika maisha yake siku ileile. Kwa mtoto huyu Kiingereza ni lugha ya kigeni, na hakuna waraka utakaolibadilisha jambo hilo.

Wa pili ni msichana wa Kidato cha I katika sekondari ya kata. Miezi miwili na nusu kabla ya kufungwa alikuwa amevuka daraja: masomo yake karibu yote sasa yalikuwa kwa Kiingereza. Alirudishwa nyumbani akiwa katikati ya daraja hilo. Kwake Kiingereza si lugha ya pili, maana hakisikii nje. Wala si lugha ya kigeni kama wengine wanavyojifunza Kifaransa, maana bila hicho hasomi baiolojia, historia wala jiografia. Ni lugha ya kufundishia iliyo ngeni kwa anayefundishwa. Hali hii ina hatari zote mbili, na haina jina katika nyaraka zetu.

Wa tatu ni mtoto wa mjini katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Baba na mama wanakizungumza, televisheni inakizungumza, simu ya mama ina vipindi vya kumtosha. Kwake siku 104 zilikuwa likizo ndefu. Huyu kwa kweli Kiingereza ni lugha yake ya pili.

Nchi moja, lugha moja, hali tatu. Istilahi iliyowaita wote hawa wanafunzi wa lugha ya pili ilimtaja mmoja wao tu kwa usahihi, na kwa bahati mbaya ilimtaja yule aliyehitaji msaada mdogo kuliko wenzake.

5. Wasemaji wa Kiswahili nje ya Afrika Mashariki

Ili tusionekane kwamba tunaupima ulimwengu kwa kijiji chetu, tuwaangalie wasemaji wengine wa Kiswahili. Katika mwaka wa fedha wa 2019 Marekani iliwapokea wakimbizi wapatao 30,000, na karibu 13,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wa Wakongo hao wanatoka mashariki ya nchi yao, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zao. Nchini Marekani Kiingereza kimewazunguka pande zote. Hapo, mtu atasema, hakuna ubishi: hicho ni lugha ya pili.

Lakini mazingira hayo nayo yalifungwa. Mgeni aliyekuwa akijifunza Kiingereza kwa kusikiliza mazungumzo ndani ya basi, kwa kuulizana bei dukani, kwa kutaniana na wenzake kazini, alijikuta ndani na watu wa nyumbani mwake, wanaosema lugha ya nyumbani. Akitoka, aliwakuta watu wenye barakoa. Yeyote aliyejifunza lugha ukubwani anajua kwamba masikio husaidiwa na macho: tunaisoma midomo ya msemaji. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza, pamoja na irabu unganifu zake, kina zipatazo 20. Sauti ya kwanza ya neno thelathini haimshindi Mswahili, maana anayo kwao. Irabu zinazokaribiana ndizo zinazomshinda, na tofauti ya nyingi kati yake huonekana katika mkao wa midomo ambao barakoa iliuficha.

Hapa tunajifunza jambo ambalo fasili za vitabuni hazikulitilia mkazo. Lugha haiwi ya pili kwa sababu ya nchi ambamo mtu anaishi, bali kwa sababu ya watu anaozungumza nao. Mkimbizi aliyefungiwa ndani katika mji wa Marekani na mtoto wa Darasa la V kijijini walikuwa, kwa majuma yale, katika hali moja. Kwa hiyo istilahi zetu zitaje mawasiliano, si ramani.

6. Mgeni ni nani?

Yafaa pia tuitazame ile sehemu ya jina la taaluma inayosema "wasemaji wa lugha nyingine". Katika Kiswahili tumeona ikiandikwa "Kiingereza kwa wasiojua Kiingereza", na mahali pengine "Kiingereza kwa wageni". Tafsiri ya kwanza humtaja mwanafunzi kwa upungufu wake. Jina la asili halikufanya hivyo. Lilimtaja kwa mali yake, yaani kwamba anayo lugha, ila ni nyingine. Tofauti hiyo si ndogo darasani. Mwalimu anayeambiwa kwamba mbele yake wapo wasiojua ataanza na sifuri. Mwalimu anayeambiwa kwamba mbele yake wapo wasemaji wa lugha nyingine atauliza ni lugha gani, na ataanza na kilichopo.

Tafsiri ya pili imeigwa kutoka "Kiswahili kwa wageni", usemi ulio sahihi kabisa mahali pake, maana huko mgeni ni mwanafunzi aliyekuja kwetu. Lakini mtoto wa Singida anayejifunza Kiingereza shuleni kwao si mgeni wa mtu. Yeye ndiye mwenyeji. Lugha ndiyo mgeni. Tena wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa mgeni huyu kiti cha mwenye nyumba, kisha tukamlaumu mwenyeji kwa kutomwelewa.

7. "Upotevu wa ujifunzaji"

Shule zilipofunguliwa, nyaraka zilijaa usemi "upotevu wa ujifunzaji". Usemi huu ni mzito ulimini, lakini kosa lake kubwa ni la maana. Mtu hupoteza alichokuwa nacho. Katika Kiswahili yapo maneno matatu ambayo msemaji wa kawaida hayachanganyi: kusahau, kukosa na kupitwa. Aliyesahau alifundishwa, kikamtoka. Aliyekosa hakufundishwa kabisa. Aliyepitwa ni yule ambaye wenzake waliendelea yeye akabaki.

Dawa zake ni mbalimbali. Aliyesahau hupewa marudio. Aliyekosa hupewa somo lenyewe, tena tangu mwanzo. Aliyepitwa hupewa muda na mwalimu wa kumshika mkono. Neno moja likizifunika hali tatu, mkuu wa shule atatoa dawa moja, na kwa kawaida atatoa ile iliyo rahisi, yaani marudio. Yule msichana wa Kidato cha I akipewa marudio ya Kiingereza ambacho hakufundishwa, atanakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, na daftari lake litakuwa limejaa. Tunapendekeza pengo la masomo kama istilahi ya jumla, na chini yake yatajwe wazi masomo yaliyosahaulika na masomo yaliyokosekana.

8. Hoja za wanaopinga

Tunazijua hoja mbili zitakazoletwa dhidi yetu.

Ya kwanza itasema kwamba istilahi hazifundishi. Anayefundisha ni mwalimu mwenye chaki. Twakubali nusu ya hoja hiyo. Lakini chaki hununuliwa kwa bajeti, bajeti huandikwa kwa waraka, na waraka huandikwa kwa istilahi. Waraka ukisema lugha ya pili, fedha za kusikilizishia hazitatengwa, kwa kuwa imedhaniwa kwamba mtoto anasikia nje. Waraka ukisema masomo ya mtandaoni, fedha zitakwenda kwenye kompyuta, na kijiji kisicho na umeme kitasubiri.

Ya pili itauliza: chombo cha Kiswahili kina haja gani na ufundishaji wa Kiingereza? Jibu letu ni kwamba Kiingereza nchini mwetu hujadiliwa kwa Kiswahili. Mzazi aliyegeuzwa kuwa mwalimu msaidizi mwaka 2020 alihitaji kuelezwa kazi yake kwa lugha anayoijua. Karatasi kadhaa za kazi za nyumbani za wakati ule tulizozipitia zilikuwa na maagizo kwa Kiingereza tangu juu hadi chini, hata yale yaliyomhusu mzazi. Mama aliyeweza kumsomea mwanawe maneno 10 na kumtaka ayarudie alishindwa, si kwa kutojua kusaidia, bali kwa kutoambiwa afanye nini. Mstari mmoja wa Kiswahili ungalimfanya kuwa mwalimu. Kwa hiyo kukitunza Kiswahili cha kuelezea ufundishaji wa Kiingereza si kukipigia Kiingereza debe. Ni kumpa mtoto wa Mswahili njia ya kukifikia.

Hatusemi kwamba yote yaliyosemwa yalikuwa mabaya. Neno mbashara, kwa mfano, lilistahili kazi lililopewa: somo mbashara ni fupi na linaeleweka. Kilichokosekana ni mwenzake wa kutaja somo ambalo mwanafunzi hulifungua kwa wakati wake. Kadhalika, katika masomo ya kompyuta wanafunzi waliambiwa "jinyamazisheni" mahali ambapo wangaliambiwa "zimeni vipaza sauti". Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini katika somo la lugha, mwanafunzi mwenye haya husikia agizo la kunyamaza hata pasipotolewa; hakuna haja ya kumpa rasmi.

9. Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wanaohusika:

(a) Ufundishaji wa dharura kwa mbali utumike kwa hali ya ghafula kama ile ya mwaka 2020. Elimu ya masafa na elimu ya mtandaoni zibaki kwa mifumo iliyoandaliwa.

(b) Redio ya majibizano itumike kwa vipindi vinavyomtaka mwanafunzi ajibu, na matangazo ya masomo kwa vile vinavyosikilizwa tu.

(c) Somo mbashara litumike kwa somo la papo kwa papo, na somo la akiba kwa lile lililorekodiwa ili litumike baadaye.

(d) Lugha ya pili na lugha ya kigeni zitumike kwa kuangalia mawasiliano ya mwanafunzi, si sheria ya nchi. Kwa hali ya mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa kwa lugha asiyoisikia nje, tunapendekeza lugha ngeni ya kufundishia. Tunajua kwamba neno hili litawakera baadhi ya watu. Na liwakere, maana linataja kinachokera.

(e) Wasemaji wa lugha nyingine litumike badala ya "wasiojua Kiingereza" na "wageni".

(f) Pengo la masomo litumike badala ya "upotevu wa ujifunzaji", na aina zake zitajwe.

(g) Kuachiana nafasi litumike badala ya "umbali wa kijamii".

10. Hitimisho

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Msichana aliyekuwa Kidato cha I mwaka 2020, kama hakukwama njiani, alifanya mtihani wake wa Kidato cha IV mwishoni mwa mwaka 2023, kwa Kiingereza, na karatasi ya mtihani haikumuuliza kama alisahau, alikosa au alipitwa. Sisi wenye kazi ya maneno hatukuweza kumfungulia shule. Tulichoweza, na tunachoweza hata sasa, ni kuhakikisha kwamba hali yake inapoandikwa katika waraka inaandikwa kwa jina lake.

Istilahi zilizopendekezwa hapa si amri. Walimu wa Kiingereza, watayarishaji wa vipindi vya redio na wazazi ndio watakaosema zipi zinakaa ulimini na zipi zinakwama kooni. Wasomaji wanaombwa watuletee maoni yao, hasa maneno ambayo wao wenyewe waliyatumia katika miezi ile bila kumwuliza mtaalamu yeyote. Huenda bora kuliko yote tuliyoyaorodhesha lilikwisha kusemwa zamani, na mwalimu fulani, akimweleza mzazi fulani kwa simu kazi ya siku ile.